Mawe Yanayoshuhudia: Amonaiti za Nchi Yetu na Imani Yetu

Sisi tunaoishi Tosamaganga tunakaa juu ya mawe na tunaitwa kwa jina la mawe. Wazee wetu wanatuambia kwamba kwa Kihehe jina hili maana yake ni kutupa mawe, na wengi hulihusisha na mizinga ya Wajerumani iliyoipiga Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa, mwezi Oktoba 1894. Kabla ya karne ile kwisha Wabenediktini walifungua misheni hapa, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wamisionari wa Konsolata wakaipokea kazi hiyo. Kanisa letu, shule zetu na hospitali yetu vimesimama juu ya mwamba uleule.

Mawe ya Iringa yamewavuta wataalamu wengi. Si mbali nasi, katika korongo la Isimila, zilionekana mwaka 1951 zana za mawe zilizochongwa na watu wa kale, na katika miaka ya 1957 na 1958 wanasayansi walizichimba na kuzieleza. Umri wake unakadiriwa kupita miaka 200,000. Mwamba wenyewe unaotuzunguka, matale makubwa tunayoyaona kila upande, ni wa zamani zaidi kuliko fikira zetu zinavyoweza kufika. Uliganda kutoka uji wa moto chini ya ardhi kabla hapajakuwa na mnyama yeyote duniani.

Kwa sababu hiyo lipo jiwe moja ambalo hatutalipata Tosamaganga hata tukichimba mpaka tuchoke. Ni amonaiti, kisukuku cha kiumbe wa baharini. Ili kumpata inabidi kushuka kuelekea pwani, kwenye miamba iliyokuwa matope ya bahari. Pamoja na hayo tumeona vema kuandika juu yake katika kitabu hiki cha imani, na sababu ni vijana wetu. Kijana anatoka shuleni ameambiwa kwamba dunia ina miaka mamilioni kwa mamilioni. Jumapili anasikia somo la siku sita za uumbaji. Anauliza ashike lipi. Swali hilo halijibiwi kwa kukemea, wala kwa kulipuuza. Historia ya jiwe hili dogo inaweza kutusaidia kulijibu, kwa kuwa imepita mikononi mwa askofu mwenyeheri, na imepita pia juu ya vichwa vya watu wa nchi yetu ambao wengi wao hawakuandikwa popote.

Amonaiti ni nini

Mtu anayeiona amonaiti mara ya kwanza hudhani ni konokono wa jiwe, au nyoka aliyejikunja. Sisi tungesema inafanana na ngata, ile ya kuwekea ndoo kichwani: duara juu ya duara, zote zimelala bapa. Nyingine ni ndogo kama sarafu, nyingine zina upana wa gurudumu la gari.

Kiumbe aliyeishi ndani yake hakuwa konokono wala nyoka. Alikuwa jamaa ya pweza na ngisi. Gome lake lilikuwa limegawanywa kwa kuta nyembamba kuwa vyumba vingi. Mwenyewe alikaa katika chumba cha mwisho, kile kikubwa cha mdomoni, na vile vya nyuma vilijaa hewa ili aelee majini. Mrija mwembamba ulipita katika vyumba vyote kumsaidia kupunguza au kuongeza maji ndani yake. Kila alipokua alisogea mbele na kujenga ukuta mpya nyuma yake.

Kwa hiyo anayetaka kuitambua anaanza na maswali machache. Je, duara zimelala bapa, au zinapanda kama ngazi? Zikipanda, mara nyingi huyo ni konokono. Je, mna kuta ndani? Konokono hana. Je, mahali ambapo gome limebanduka pana mistari iliyopindapinda kama mshono wa nguo au mizizi ya nyasi? Hiyo ni alama ya pale kuta za vyumba zilipokutana na gome, na katika amonaiti mishono hiyo ni ya urembo wa ajabu. Kisha anatazama mbavu, yaani mikunjo ya nje. Je, zimenyooka au zimepinda? Je, zinapofika ukingoni zinagawanyika mara mbili au tatu? Je, mgongoni pana mkuku kama wa jahazi? Jamii iitwayo Perisphinctes, ambayo hupatikana katika miamba ya pwani yetu, hujulikana kwa mbavu zinazogawanyika karibu na ukingo, na haina mkuku.

Mara nyingi gome lenyewe limeyeyuka na kupotea. Kinachobaki ni matope yaliyoingia ndani yakageuka jiwe, yakahifadhi umbo kama vile kalibu inavyohifadhi umbo la tofali. Mtu asiyejua hulipita, na anayejua huinama.

Amonaiti zilikaa katika bahari zote za dunia kwa muda mrefu sana, kisha zikatoweka zote miaka milioni 66 iliyopita. Kipindi tunachokizungumzia hapa, kiitwacho Jurasiki, kilianza miaka milioni 201 iliyopita na kuisha miaka milioni 145 iliyopita.

Watakatifu na mawe

Wakristo wa zamani waliviona visukuku, na walivieleza kadiri walivyoweza. Mtakatifu Augustino, askofu wa Afrika, anasimulia katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu kwamba yeye na wenzake waliona jino kubwa mno katika ufuko wa Utika, katika nchi ambayo leo ni Tunisia. Alifikiri ni la jitu la kale. Huko Whitby, Uingereza, ambako Mtakatifu Hilda aliongoza monasteri katika karne ya 7, watu walisimulia kwamba mtakatifu huyo aliwageuza nyoka kuwa mawe, na amonaiti zinazookotwa chini ya majabali ya pale ndizo nyoka wenyewe. Wachuuzi walizichonga vichwa vya nyoka ili ziuzwe vizuri. Wanasayansi nao hawakumsahau Hilda: jamii moja ya amonaiti za huko inaitwa Hildoceras kwa heshima yake. Kule Malta, meno ya mawe yaliyookotwa ardhini yaliitwa ndimi za nyoka, na watu waliyahusisha na nyoka aliyemuuma Mtume Paulo kisiwani humo bila kumdhuru.

Aliyetufungulia njia ya kuyasoma mawe haya kwa haki ni Niels Steensen wa Denmark, ajulikanaye kwa Kilatini kama Nicolaus Steno. Alizaliwa Copenhagen mwaka 1638, akawa bingwa wa kupasua na kuchunguza miili. Mwaka 1666, akiwa Florence katika Italia, aliletewa kichwa cha papa mkubwa. Alipoyatazama meno yake aliona yanafanana kabisa na zile ndimi za mawe za Malta. Akakata shauri kwamba mawe yale ni meno ya papa walioishi zamani, yakafunikwa na matope, na matope yakawa mwamba.

Hakuishia hapo. Katika kitabu chake cha mwaka 1669 alieleza kanuni ambayo mtoto yeyote aliyewahi kupanga nguo sandukuni anaielewa: tabaka la chini ndilo lililotangulia kuwekwa, na la juu ndilo lililofuata. Mashapo hutandazwa bapa. Ukiyakuta yamesimama au yamepinda, jambo fulani limetokea baadaye. Juu ya kanuni hiyo elimu yote ya miamba imejengwa mpaka leo.

Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1667, Steno aliingia Kanisa Katoliki. Mwaka 1675 akapata upadre na mwaka 1677 akawa askofu. Alitumwa kuwahudumia Wakatoliki wachache waliotawanyika kaskazini mwa Ujerumani, akaishi kwa ufukara na kuwagawia maskini alivyokuwa navyo. Alifariki mwaka 1686 akiwa na miaka 48. Tarehe 23 Oktoba 1988 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri.

Tunapomwambia kijana wetu kwamba aliyefundisha dunia kusoma matabaka ya mawe ni askofu tunayemwita mwenyeheri, tunampa jibu ambalo hakulitarajia. Imani ya Steno haikumlazimu afumbe macho mbele ya jino la papa. Alimtafuta Mungu mmoja katika Maandiko na katika mawe, na hakuona sababu ya kuviogopa hivi viwili.

Mkutano wa mwaka 1909

Mwaka 1909 mambo mawili yalitokea mbali sana mojawapo na lingine. Mwezi Juni, mjini Roma, Tume ya Kipapa ya Biblia ilitoa majibu juu ya sura tatu za kwanza za kitabu cha Mwanzo. Pamoja na mengine ilikubali kwamba neno siku katika sura ya kwanza laweza kuelezwa kuwa siku ya kawaida, au kuwa muda fulani usiopimwa kwa jua, na kwamba wataalamu wako huru kulijadili.

Mwaka huohuo, katika kilima cha Tendaguru, mwendo wa siku tatu au nne kwa miguu kutoka Lindi, wataalamu wa jumba la makumbusho la Berlin walianza uchimbaji uliodumu hadi mwaka 1913. Mifupa mikubwa ilikuwa imeonekana pale mwaka 1906, na mhandisi Bernhard Wilhelm Sattler akapeleka habari. Mwaka uliofuata Profesa Eberhard Fraas wa Stuttgart alifika akathibitisha kwamba ni mifupa ya dinosaria. Werner Janensch na Edwin Hennig wakapewa kuongoza msafara wa Berlin, na baadaye wakaja wengine.

Inatupasa kukumbuka nchi ya Lindi ilikuwa katika hali gani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimetoka kupita, kuanzia mwaka 1905 hadi 1907. Vijiji vilichomwa, mazao yakaharibiwa, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Kanisa nalo liliumia. Misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi ziliharibiwa, na Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani mwezi Agosti 1905 pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Walikuwa wa shirika lilelile lililoanzisha misheni yetu hapa Tosamaganga. Basi walioshika majembe Tendaguru walikuwa watu waliokwisha kuzika wengi wa kwao.

Katika nyakati za kazi nyingi wachimbaji na wapagazi walifikia kama 500. Walifyeka, walichimba mashimo marefu, walisafisha mifupa na kuifunga kwa udongo na mianzi ili isivunjike. Hapakuwa na reli wala mnyama wa kubeba mizigo. Maelfu ya mizigo ilishuka hadi Lindi juu ya vichwa na mabega ya watu, ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200 zilifika Berlin. Mifupa ya mnyama mrefu kuliko wote, aliyeitwa Brachiosaurus na sasa Giraffatitan, ilisimamishwa katika jumba la Berlin mwaka 1937, na kichwa chake kiko juu zaidi ya mita 13.

Saa iliyokuwa katika matope

Dunia nzima iliitazama mifupa. Wachache waliuliza swali hili: wataalamu walijuaje kwamba dinosaria hao ni wa Jurasiki, wala si wa kabla au baada yake? Mifupa peke yake isingewaambia, kwa kuwa wanyama wengi wa Tendaguru walikuwa wapya, na hapakuwa na wa kuwalinganisha nao.

Jibu lilitoka kwa viumbe wadogo. Tendaguru ina matabaka yenye mifupa ya wanyama wa nchi kavu, na katikati yake matabaka ya bahari, yenye kombe na amonaiti. Bahari ilipanda ikafunika ufuko, ikarudi nyuma, ikapanda tena. Amonaiti hazikuwa nyingi kama kombe, lakini kila moja ilikuwa na thamani kubwa. Sababu ni mbili. Kwanza, zilibadilika upesi: aina moja ilidumu muda mfupi, kisha nyingine yenye mbavu au mishono tofauti ikachukua nafasi yake. Pili, zilienea baharini mbali sana, hivyo aina zinazofanana huokotwa katika nchi zilizo mbalimbali. Katika miaka ya 1850 Mjerumani Albert Oppel alikwisha kuonyesha kwamba miamba ya Jurasiki ya Ulaya yaweza kupangwa kwa zamu kufuata amonaiti zake, tabaka moja baada ya jingine.

Basi jiwe dogo la Lindi liliwekwa kando ya mawe ya nchi nyingine yaliyokwisha kupangwa. Mwaka 1914 Józef Zwierzycki alichapisha maelezo ya amonaiti na jamaa zao wa Tendaguru. Kwa ushahidi wa namna hiyo ikajulikana kwamba dinosaria wengi wa pale ni wa mwisho wa Jurasiki, karibu miaka milioni 150 iliyopita. Viumbe wa bahari ya Lindi walionekana pia kuwa ndugu na wale wa Madagaska na wa Kachchh katika India. Kombe aliyelipa tabaka moja la Tendaguru jina lake, Trigonia smeei, alielezwa kwanza kutoka Kachchh. Muda mrefu kabla ya jahazi la kwanza, maji yaleyale yalizigusa nchi hizi tatu, nazo zilikuwa karibu kuliko zilivyo leo.

Tendaguru haiko peke yake. Mwaka 1877 Ernst Beyrich wa Berlin alieleza amonaiti za Mombasa zilizokusanywa na msafiri Hildebrandt, na mwaka 1930 L. F. Spath alieleza nyingine nyingi za pwani ya Kenya zilizokusanywa na Bibi McKinnon Wood. Kwetu Tanzania, reli ya kati inapopita Kidugallo, kati ya Dar es Salaam na Morogoro, ipo miamba ya Jurasiki ya katikati, iliyotangulia ile ya Tendaguru, nayo ilielezwa na Hennig yuleyule mwaka 1924. Sisi tunaposafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam, tukishapita Morogoro tunakaribia matope ya bahari hiyo, nasi mara nyingi tumelala.

Miaka milioni 150 ni muda gani? Tuutafute kwa rozari. Tuseme kila Salamu Maria ni mwaka mmoja. Rozari moja yenye makumi matano itakuwa miaka 50. Kuifikia amonaiti ya Tendaguru tungehitaji rozari milioni tatu. Anayesali rozari moja kila siku angechukua zaidi ya miaka 8,000. Mzaburi anasema mbele za Mungu miaka elfu ni kama jana iliyopita. Tumelisali neno hilo mara nyingi katika mazishi. Amonaiti inatufanya tulisali tukiwa na habari zaidi.

Majina ya waliobeba

Kitabu cha Mwanzo kinatuambia kwamba Mungu aliwaleta wanyama kwa Adamu aone atawaitaje. Kutoa jina ni kazi aliyopewa mwanadamu tangu mwanzo, na wanaotambua visukuku wanaiendeleza. Lakini yatupasa kuuliza ni nani aliyepata nafasi ya kutoa majina, na ni nani aliyeitwa kwa jina.

Viumbe wengi wa Tendaguru walipewa majina ya maprofesa na ya viongozi wa Berlin. Waliowaona kwanza, wakawachimba, wakawabeba, hawakuitwa. Mmoja wao tunamjua vema: Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa kazi. Alikuwa na jicho la kutambua mfupa ardhini na mkono wa kuutoa bila kuuvunja, na wataalamu walimtegemea. Vita vilipokwisha na Waingereza wakaja kuchimba Tendaguru kuanzia mwaka 1924, walimtafuta yeye awasaidie. Kazi ile ilikuwa ya hatari kwa kila mtu: kiongozi wao wa kwanza, W. E. Cutler, alikufa kwa malaria Lindi mwaka 1925. Jina la Boheti lilingoja mpaka mwaka 2007, ndipo mtaalamu wa Ujerumani, Kristian Remes, alipoieleza dinosaria mmoja wa Tendaguru na kumwita Australodocus bohetii. Ilikuwa karibu miaka mia moja baada ya kazi yenyewe.

Sisi wa Iringa tunalielewa jambo hili kwa uchungu wa pekee. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilikaa Ujerumani mpaka Gavana Edward Twining alipolirudisha Kalenga tarehe 19 Juni 1954, na liko pale hadi sasa, mwendo mfupi kutoka kwetu. Tunajua maana ya kitu cha kwetu kukaa katika kabati la mbali. Hata hivyo fuvu la binadamu na mfupa wa dinosaria havina haki ileile. Fuvu ni la mtu aliyebatizwa au asiyebatizwa, lakini aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu na mwenye watoto wanaomlilia. Juu ya mifupa ya Tendaguru, Balozi Augustine Mahiga, mzaliwa wa Tosamaganga, alieleza mwaka 2018 akiwa Waziri wa Mambo ya Nje kwamba Serikali haidai irudishwe, ila inataka ushirikiano wa kuchimba na kuendeleza eneo hilo. Wapo waliokubali na wapo waliopinga. Lakini popote mifupa itakapokaa, deni moja halihitaji meli wala ndege kulipwa: kusema kweli juu ya waliofanya kazi.

Amri ya nane inatukataza kushuhudia uongo. Kwa kawaida tunaifikiria tunaposengenya au tunapoapa. Inagusa pia historia. Anayesimulia Tendaguru kana kwamba mifupa ilitembea yenyewe mpaka Berlin ametoa ushahidi pungufu. Vilevile anayewaambia vijana kwamba mawe ya bahari ya Lindi yaliwekwa na shetani ili kutupoteza, ametoa ushahidi wa uongo juu ya kazi ya Mungu. Mtakatifu Augustino aliwaonya Wakristo juu ya hatari hii: tukizungumza ovyo juu ya mambo ya dunia ambayo wasioamini wanayajua vizuri, watatuaminije tunapowaambia juu ya ufufuko?

Wajibu wetu

Tunapendekeza mambo machache kwa jumuiya zetu ndogondogo, kwa makatekista na kwa wazazi.

Kwanza, swali la kijana juu ya umri wa dunia lipokelewe kwa heshima. Tumwambie kwamba Mwanzo inatufundisha nani aliyeumba na kwa nini, na kwamba tangu mwaka 1909 Kanisa limewaacha wataalamu wajadili kwa uhuru urefu wa zile siku. Tumsimulie habari za Mwenyeheri Nicolaus Steno. Wengi wanamjua Galileo na ugomvi wake, na wachache wanamjua askofu huyu.

Pili, anayekuta kisukuku au zana ya kale, iwe Isimila, Lindi au shambani kwake, asikibandue na kukiuza barabarani. Jiwe lililotolewa mahali pake bila maandishi ni kama mtoto aliyeokotwa njiani: yu hai lakini haijulikani ametoka wapi. Aandike mahali, aangalie limetoka tabaka lipi, la juu au la chini, apige picha, kisha atoe taarifa kwa ofisi ya Serikali au kwa Makumbusho ya Taifa. Nchi yetu ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na kuitii ni sehemu ya uaminifu wetu.

Tatu, tuandike majina. Parokia zetu zilijengwa na mafundi waliochonga mawe, kina mama waliobeba maji na mchanga, vijana waliochoma matofali. Vitabu vya kumbukumbu vinawataja mapadre waliosimamia, na ni haki watajwe. Wazee wanaokumbuka majina ya wale wengine bado wapo katika vijiji vyetu. Wakiondoka, itakuwa kama gome lililoyeyuka: umbo la jengo litabaki, na aliyekaa ndani hatajulikana.

Amonaiti alijenga chumba, akasogea mbele, akajenga kingine, na hakujua kwamba kuta zake zingewaonyesha watu wakati ambao wao wenyewe hawakuwapo. Wapagazi wa Tendaguru nao walitua mizigo yao Lindi, wakarudi kwao kwa miguu. Mungu anawajua wote kwa majina, nasi katika Misa tunawaombea marehemu ambao imani yao anaijua Yeye peke yake. Tunapofika kwenye sala hiyo, inafaa tuwakumbuke na hao.